Chai ya tunda la mwaridi: historia yake na namna ya kuipika nyumbani



Wengi wetu tukisikia waridi tunakumbuka marashi: ule mrashi unaopitishwa kwenye maulidi na harusi, au maji ya waridi yanayotengenezwa Jabal Akhdar kule Oman. Ni wachache wanaojua kwamba mwaridi nao huzaa. Ua likishapukutika, pale chini yake hubaki kitunda kidogo. Huanza kikiwa kijani, kisha kikaiva na kuwa chekundu au rangi ya chungwa, ukubwa wake kama zabibu kubwa. Kitunda hiki ndicho kinachopikiwa chai. Waturuki wanakiita kuşburnu, yaani pua ya ndege, na huko kwao chai yake na jamu yake ni vitu vya kawaida kabisa majumbani. Wajerumani nao wana chai yake, na Waswidi wanakipika kuwa supu tamu.

Kwa nini watu wa nchi za baridi wakashikilia tunda la kichakani lenye nyama kidogo na mbegu tele? Kuna ladha yake, ya ukakasi kidogo na utamu kidogo. Lakini ipo sababu nyingine kubwa zaidi, nayo ni ugonjwa wa kiseyeye.

Kiseyeye humpata mtu aliyekaa miezi bila matunda wala mboga mbichi. Fizi huvimba na kutoa damu, meno hulegea, miguu huvimba, vidonda vya zamani hufunguka upya, na mwisho wake ni kifo. Mabaharia wa safari ndefu walikufa nao kwa maelfu. Pwani yetu ya Afrika Mashariki imo katika historia hii. Mwezi wa Aprili 1498 Vasco da Gama alipofika Mombasa, mabaharia wake wengi walikuwa wagonjwa. Mfalme wa Mombasa aliwapelekea kondoo, machungwa, malimau na miwa, na wagonjwa wakapata nafuu. Wao walidhani ni hali nzuri ya hewa ya mji ule!

Wakati wa kurudi kutoka Bara Hindi mambo yalikuwa mabaya zaidi. Waliondoka Oktoba 1498, kaskazi ikiwa bado haijatulia, jambo ambalo nahodha yeyote wa jahazi angewakataza. Wakakaa baharini karibu miezi mitatu, na watu wapatao 30 wakafa njiani. Walipotia nanga Malindi, Januari 1499, jambo la mwanzo walilotafuta ni machungwa, kwa sababu wagonjwa walikuwa wakiyatamani mno. Watu wa Malindi waliwaletea, ila kwa wengi ilikuwa wamekwisha chelewa. Tazama basi: mwili wa mgonjwa ulijua unataka nini, na mabaharia walishaona matunda yakiwasaidia wenzao, lakini elimu ile haikushika. Safari zilizofuata watu waliendelea kufa kwa ugonjwa ule ule.

Ilipita miaka karibu 250. Mwaka 1747 daktari mmoja wa jeshi la majini la Uingereza, James Lind, aliwachukua wagonjwa 12 wa kiseyeye katika meli ya Salisbury na kuwagawa wawili wawili. Wote walikula chakula kimoja, lakini kila wawili walipewa dawa yao: wengine siki, wengine maji ya bahari, na kadhalika. Wawili walipewa kila siku machungwa mawili na limau moja. Matunda yaliisha kwa siku chache tu, na hao wawili ndio waliopona, mmoja wao akarudi kazini.

Hapa ndipo wanafunzi wetu wanapotakiwa kusoma kwa makini. Lind aliona kwamba matunda huoza safarini, akapendekeza maji ya malimau na machungwa yawekwe juu ya moto kwa saa nyingi mpaka yawe mazito kama asali, kisha yatiwe chupani. Waingereza waliita kitu hicho kwa jina lililotoka katika Kiarabu, rubb, kwa sababu kugandisha maji ya matunda namna hiyo ni ufundi wa matabibu wa Kiarabu wa tangu zamani. Kwa ladha na kwa kuhifadhi ulikuwa ufundi mzuri. Kwa kiseyeye haukufaa, kwani moto wa saa nyingi na hewa vilikwisha kuua kile kilichokuwa kikitibu. Tunda lilikuwa sahihi na upishi ukaliharibu.

Mwaka 1795 jeshi lile hatimaye likaanza kuwapa mabaharia wake maji ya malimau, na kiseyeye kikapungua sana. Lakini miaka ya 1860 likabadili malimau kwa ndimu za visiwa vya Karibi. Sisi tunaopika tunajua kwamba limau na ndimu ni vitu viwili. Wao waliona uchachu ni uchachu tu. Ndimu ina nguvu ndogo zaidi dhidi ya kiseyeye, na maji yake yalikuwa yakikaa muda mrefu kwenye hewa na kupitishwa katika mabomba ya shaba, madini ambayo huiharibu dawa hiyo upesi. Mwaka 1875 Waingereza walipotuma meli kuelekea ncha ya kaskazini ya dunia, kiseyeye kiliwarudia wakiwa na chupa zao za ndimu mkononi. Watu wakaanza kusema kwamba kumbe matunda hayakuwa dawa kamwe.

Ufumbuzi ulipatikana karne iliyofuata. Mwaka 1928 Albert Szent-Györgyi, mwanasayansi wa Hungaria, alikitenga kitu ambacho miaka minne baadaye kilithibitika kuwa ndicho vitamini C. Mwaka 1937 alipewa Tuzo ya Nobel. Sasa iliwezekana kupima kila tunda. Katika kupima huko, tunda la mwaridi wa mwituni, ambalo wakulima walikuwa wakiwaachia ndege, likaonekana limelipita chungwa mara nane na zaidi kwa uzito ule ule.

Elimu hiyo ilikuja kwa wakati wake. Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, Uingereza ilikuwa ikiagiza kila chungwa kutoka ng'ambo. Nyambizi za Wajerumani zikawa zinazamisha meli za chakula, na Italia ilipoingia vitani Juni 1940 hata njia ya Bahari ya Mediterania ikawa ya hatari. Watoto wachanga ndio waliohofiwa zaidi. Hivyo mwaka 1941 serikali iliwaomba wananchi watoke wakachume matunda ya mwaridi mwitu kwenye ua wa mashamba na kando ya njia. Waliotoka walikuwa wanafunzi wa shule, maskauti na vyama vya akina mama wa vijijini. Watoto walilipwa peni chache kwa kila ratili, na mikono yao ikachanwa na miiba. Mwaka 1942 zilikusanywa tani 344, na miaka iliyofuata wastani wa tani 450 kwa mwaka. Hesabu mwenyewe: tunda moja lina uzito wa gramu chache tu. Yalipelekwa viwandani, yakatengenezwa shira, na shira ile wakapewa watoto kwa kijiko.

Kwa waliotaka kuipika wenyewe, serikali ilitoa maelezo yenye umakini mkubwa. Maji yachemke kwanza. Matunda yasagwe kwa mashine ya kusagia nyama na yaangukie moja kwa moja ndani ya maji yanayochemka, bila kusubiri hata kidogo. Sababu ni kwamba tunda likikatwa hutoa kimeng'enya, yaani kitu cha asili ndani yake, ambacho kikikutana na hewa huanza kuila vitamini papo hapo. Maji yanayochemka hukiua kimeng'enya hicho. Moto mkali wa muda mfupi huokoa vitamini, na moto wa saa nzima huimaliza. Lile kosa la rubb halikurudiwa.

Shira nayo ilikuwa na lawama yake. Baada ya vita wazazi wengine waliendelea kuichovya nyonyo ya mtoto humo ili anyamaze, na sukari ile ikaozesha meno ya maziwa.

Sasa tuje jikoni kwetu. Matunda haya huku kwetu si mengi. Afrika ina mwaridi wake wa asili, unaoota nyanda za juu za Ethiopia na nchi jirani zake hadi ng'ambo ya pili Yemen, na watoto wa huko hula matunda yake. Lesotho nayo huvuna ya mwituni na kuyauza nje. Usitumie mawaridi ya mashamba ya biashara kama yale ya Naivasha, wala ya bustani iliyopuliziwa dawa. Ukinunua pakiti dukani, soma upande wa nyuma. Chai nyingi zenye picha ya tunda hili zimechanganywa na rozela, ile karkade ya Wasudani, na wekundu mkali unaouona ni wa rozela. Chai ya mwaridi peke yake ni ya rangi ya chungwa iliyofifia.

Ukipata matunda mabichi, chukua konzi mbili, yaoshe, ondoa vikonyo, ila usiyakate. Chemsha lita moja ya maji katika sufuria ya chuma kisichoshika kutu. Usitumie ya shaba, wala ya shaba nyeupe iliyochakaa. Maji yakitokota, tia matunda mazima, yaache dakika chache mpaka yalainike, kisha yaponde kwa mwiko humo humo. Ipua, funika, subiri robo saa.

Kuchuja ndiyo kazi yenyewe. Ndani ya tunda, kuzunguka mbegu, mna vinyweleo vinavyowasha koo na tumbo. Watoto watundu wa Uingereza walikuwa wakivitia kwenye kola za wenzao darasani. Chujio la chai la kawaida halivizuii. Tumia kitambaa cha melimeli kilichokunjwa mara mbili, na uchuje mara mbili.

Yaliyokaushwa yana vitamini pungufu, kwa kuwa kukausha nako kunapunguza. Weka vijiko viwili vya chai vya maganda yaliyopondwa katika kikombe, mimina maji yaliyochemka, funika dakika 10 hadi 15, kisha chuja vile vile. Anayetaka utamu atie asali, isipokuwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja; huyo asipewe asali kabisa.

Na asiwepo mzazi wa kuuza kuku ili anunue pakiti iliyotoka Ulaya. Pera bichi la uani kwako lina vitamini C kama mara nne ya chungwa, na halina haja ya kuchemshwa. Chai hii inywe kwa ladha yake na kwa historia yake, ingali moto, siku ile ile uliyoipika.