Mwani Uliorudi kwa Chupa

Mama hakuwahi kuuita mwani zao. Aliuita kazi ya bamvua. Siku za mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji yakitoka kabisa, alijifunga kanga kiunoni, akabeba vigingi na fungu la taitai, vile vikamba vya plastiki vya kufungia mbegu, akateremka pwani ya Paje na wenzake. Alirudi maji yanapojaa, nguo imelowa hadi kifuani, vidole vimekauka na kupasuka kwa chumvi.

Kabla ya kazi hiyo, wanawake wa upande wetu huu wa kusini mwa Unguja walifukia makumbi mchangani, wakasokota kamba za usumba, wakachokoa pweza mwambani. Mwani wa mwituni nao ulikuwa unaokotwa na kuuzwa ng'ambo tangu kabla ya Mapinduzi. Miaka ya 1970 na 1980 Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliuchunguza kwa bidii, akawashawishi watu kwamba unaweza kulimwa. Kilimo cha biashara kikaanza 1989, Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino. Zilikuwa aina mbili, spinosamu na kotonii.

Unafunga, unangoja bamvua tatu hivi, unavuna, unaanika. Hapo kwenye kuanika ndipo moyo unapovunjika: kilo saba au nane za mwani mbichi hunyauka zikawa kilo moja. Kisha huja mnunuzi na mizani yake. Mizani ya mnunuzi mmoja mama aliishuku mpaka akawa anapima kwanza nyumbani, kwa mizani ya kuazima dukani. Mizani hizo mbili hazikukubaliana hata siku moja.

Gunia likishapakiwa, habari zake ziliishia bandarini. Watoto tuliambiwa Wazungu wanakula. Si uongo mtupu, ila si habari yote. Viwandani mwani huo hukamuliwa karagenani, uteute uliopewa jina kutokana na mwani wa Ayalandi, ambao watu wa huko waliuchemsha tangu zamani. Kotonii hutoa uteute mgumu, spinosamu hutoa laini unaovutika. Ndio unaofanya dawa ya meno isimame juu ya mswaki bila kutiririka, na losheni iwe nzito, maji na mafuta yasiachane chupani. Kwa hiyo mwani uliopasua mikono ya mama zetu ulikuwa ukilainisha mikono ya watu wengine. Nilipomweleza hayo mama alicheka, akaniomba nimletee chupa moja.

Kotonii, iliyokuwa na bei nzuri zaidi, ikaanza kufa. Bahari ilipata joto, matawi yakageuka meupe na kukatika yenyewe kwenye kamba. Tukabaki na spinosamu ya bei ya chini. Hapo ndipo watu walipoanza kuuliza kwa nini tusitengeneze kitu wenyewe. Mwaka 2006 mtafiti Flower Msuya alisaidia kuwakusanya pamoja wakulima, watafiti na wafanyabiashara wa mwani Zanzibar, na sabuni ikawa miongoni mwa vitu vya kwanza kufundishwa.

Niliona ikipikwa uani kwa jirani. Mwani mkavu ulioshwa kwa maji baridi mpaka mchanga ukaisha, ukaanikwa upya, ukasagwa unga. Mafuta ya nazi kwenye beseni, kostiki iliyokwisha kupoa ikamiminwa polepole, mtu akikoroga kwa mwiko upande mmoja tu. Unga wa mwani, mafuta ya karafuu, kisha kwenye kibao chenye kuta. Kesho yake hukatwa vipande, vikakaa rafuni wiki kadhaa kabla ya kuuzwa.

Mama alisimama pembeni, mikono kiunoni. "Mie mwani umenikwangua miaka yote," alisema, "leo niupake usoni?"

Alipewa kipande kimoja. Kimo ndani ya kasha lake mpaka leo, katikati ya kanga, kinazinukisha. Anaogea sabuni ya dukani.