Pesimeka inapodhoofisha moyo

MNAMO 1958, nchini Uswidi, daktari wa upasuaji Åke Senning alimpandikiza Arne Larsson pesimeka iliyoundwa na mhandisi Rune Elmqvist, ya kwanza kuwekwa ndani ya mwili wa binadamu. Ilidumu saa chache tu. Larsson alibadilishiwa vifaa zaidi ya mara 20 na kuishi hadi 2001.

Si wote wanaobahatika hivyo. Kwa baadhi ya wagonjwa, kifaa kilichowaokoa huja kudhoofisha misuli ya moyo baada ya miezi au miaka.

Chanzo ni njia ya umeme. Katika moyo wenye afya, umeme hupita upesi katika nyuzi maalumu, na kuta za chumba cha chini cha kushoto, kinachosukuma damu mwilini, hujikaza kwa pamoja. Waya wa pesimeka kwa desturi huwekwa katika chumba cha chini cha kulia. Umeme wake hupenya misuli yenyewe, polepole. Ukuta mmoja hujikaza mwingine ukiwa bado umelegea, mithili ya wapiga makasia wasiokwenda sambamba. Hatimaye chumba cha kushoto hutanuka na kuishiwa nguvu.

Wanaokabiliwa zaidi na hatari ni wale ambao kifaa huendesha sehemu kubwa ya mapigo yao, hasa kikizidi asilimia 20. Anayekitegemea mara mojamoja hana sababu kubwa ya kuhofu.

Dalili ni kuhema, uchovu na miguu kuvimba, mambo ambayo jamaa hudhani ni uzee. Aidha, mgonjwa hupimwa betri, akaambiwa ni nzima, akarudi nyumbani ameridhika. Betri nzima haisemi lolote kuhusu misuli. Hiyo hupimwa kwa picha ya mawimbi ya sauti: chumba cha kushoto kinapaswa kusukuma zaidi ya nusu ya damu yake kwa kila pigo. Kiwango kikishuka chini ya hapo, na hakuna maradhi mengine ya moyo yaliyosababisha, pesimeka hushukiwa.

Tiba si kuing'oa, kwani mgonjwa aweza kufa. Mbali na dawa, madaktari huongeza waya wa upande wa kushoto ili pande zote mbili zipige pamoja, au huuelekeza waya kwenye nyuzi za asili, mbinu iliyoenea baada ya 2017. Wengi hurejewa na nguvu za moyo, hasa tatizo likigunduliwa mapema.