Anwani Nyingi za Ukurasa Mmoja

Ukurasa mmoja wa tovuti unaweza kufunguka kwa anwani nyingi bila mwenyewe kujua. Chukua duka la mtandaoni lenye ukurasa wa kanga, example.com/kanga. Anwani hiyo yaweza kuanza na http au https, ikawa na www au isiwe nayo, ikaishia kwa mkwaju au bila mkwaju. Hapo tayari ni anwani nane. Ukiandika /Kanga kwa herufi kubwa, seva nyingi huihesabu kuwa njia nyingine, na kila tangazo hubandika mkia wake, kama ?utm_source=whatsapp. Mnunuzi anaziona kanga zilezile; injini ya utafutaji inakuta lundo la anwani za kuchambua.

Wengi huogopa kuadhibiwa. Google imeshaeleza kwamba nakala za namna hii hazina adhabu, labda ziwe zimetengenezwa kwa hila. Hasara iko kwingine: roboti ya injini ya utafutaji humaliza muda kwenye marudio huku bidhaa mpya zikisubiri, sifa ya viungo vinavyotoka tovuti nyingine hugawanyika, na anwani inayojitokeza kwenye matokeo huenda isiwe ile uliyoitaka.

Kwa hiyo chagua anwani moja. Zile zisizo na kazi zielekeze huko moja kwa moja kwa msimbo 301, unaoiambia injini kuwa ukurasa umehama kabisa. Msimbo 302 ni wa kuhama kwa muda tu, na kuutumia hapa ni kuacha mambo nusunusu.

Anwani zinazolazimika kubaki, mathalani za kuchuja rangi au bei, zina dawa yake. Februari 2009 Google, Yahoo na Microsoft zilitangaza kuikubali tagi moja inayowekwa kwenye kichwa cha ukurasa: rel="canonical", ikifuatwa na anwani kuu. Mwaka 2012 ikaandikwa rasmi katika waraka wa RFC 6596. Lakini Google huichukulia kama pendekezo. Tagi ikisema hivi, menyu na ramani ya tovuti zikisema vile, injini itaamua yenyewe.

Kosa ninaloliona baya zaidi ni kuzifungia nakala kwa faili la robots.txt na papo hapo kuziwekea tagi. Roboti iliyozuiwa mlangoni haiwezi kuisoma tagi hiyo. Linalofuata ni kuelekeza ukurasa wa pili na wa tatu wa orodha ya bidhaa kwenye ule wa kwanza. Kurasa hizo si nakala, zina kanga nyingine, na kila mmoja unastahili kujitaja wenyewe kuwa anwani kuu.