La Bourdonnais na Miwa ya Muhoroni

Anayeuliza kwa nini kiwanda cha sukari cha Muhoroni, magharibi mwa Kenya, kilichoanzishwa mwaka 1966, kimepanda na kushuka kama kilivyofanya, kwa kawaida huelekezwa kwenye udongo wa bonde la Nyando au kwenye vitabu vya hesabu vya mameneja. Kuna shahidi mwingine: baharia Mfaransa aliyefariki mwaka 1753 bila kuwahi kulisikia jina la bonde hilo. Bertrand-François Mahé de La Bourdonnais alizaliwa Saint-Malo mwaka 1699, akaingia baharini akiwa mtoto, akapanda vyeo katika merikebu za Kampuni ya Ufaransa ya India Mashariki. Waandishi wa historia ya vita humkumbuka kwa kuiteka Madras mwaka 1746, kisha kwa ugomvi wake na Dupleix, gavana mkuu wa Wafaransa nchini India, uliomfikisha gerezani Bastille. Kazi yake iliyodumu zaidi aliifanya nchi kavu.

Mwaka 1735 alifika Port Louis akiwa gavana wa visiwa vya Morisi na Réunion. Hakuanza na miwa, ingawa Waholanzi walikuwa wamekwisha kuipanda huko. Alianza na bandari: maghala, karakana za kutengenezea meli, barabara, mfereji wa maji na hospitali ya mabaharia. Kinu cha sukari cha Villebague kilifuata katika miaka ya 1740. Mpangilio huo ndio hoja yenyewe. Muwa ukishakatwa hauvumilii; kila siku inayopita kabla ya kusagwa hupunguza sukari iliyomo. Kwa hiyo mwenye chombo cha kuubeba, na mwenye njia ya kuipeleka sukari sokoni, ana nguvu kuliko mwenye shamba, naye nahodha aliyezoea kuhesabu shehena alilifahamu hilo mapema. Upande wa pili wa hesabu yake ni mchungu: kazi ya kubeba, kujenga na kukata ilifanywa na watumwa kutoka Madagaska na Msumbiji, na muhogo aliouleta kutoka Brazili ulikusudiwa kuwalisha. Kiu hiyo ya kutaka watumwa haikuisha naye. Mwaka 1776 Morice, mfanyabiashara Mfaransa wa watumwa, alitia saini mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka.

Mtu anaweza kusema kwamba Morisi si Muhoroni, na ni kweli. Hakuna uzi wa moja kwa moja: sukari ya Nyando ilikuja baada ya reli kufika Kisumu mwaka 1901, Wahindi wakapewa mashamba Kibos, kinu cha Miwani kikaanza mwaka 1922, na baada ya uhuru wakulima wadogo wakagawiwa ardhi ya walowezi. Hawa ni watu huru wenye mikataba. Lakini angalia mfuatano: reli kwanza, miwa baadaye. Pingamizi zito zaidi ni kwamba sukari ya La Bourdonnais ilikuwa kidogo, na Morisi haikutajirika nayo hadi baada ya 1825, Waingereza walipoipunguzia ushuru. Nalikubali, ila linaunga mkono hoja badala ya kuivunja. Udongo wa kisiwa haukubadilika mwaka huo. Kilichobadilika ni mlango wa soko.

Ndiyo maana lawama kwamba mkulima wa Muhoroni hajui kulima hainishawishi. Gharama ya trekta na trela hukatwa kwenye malipo yake, na miwa inayongoja barabarani hukauka kwa hasara yake. Kiwanda kiliwekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa kampuni iliyoshindwa kulipa madeni, mwaka 2001, na kwa miaka mingi baada ya hapo Kenya ilikuwa ikiiomba COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, kinga dhidi ya sukari ya bei nafuu kutoka nchi wanachama, ambamo Morisi nayo imo. Anayepanga kukifufua kiwanda aanze na barabara za vijijini, pamoja na swali la nani anayemiliki trela.