LinkedIn Bila Kufeki: Mwongozo wa Msee wa Kitale na Bungoma

Kama uko Kitale ama Bungoma na unatafuta kazi, lazima kuna mtu ashakuambia "fungua LinkedIn." Ukafungua, ukaweka picha ya harusi ya cuzo, ukaandika wewe ni CEO, ukangoja. Kimya. Hakuna simu, hakuna meseji, ni siku za kuzaliwa za watu huwajui tu.

Wengi husema shida ni kuwa mbali na Nairobi. Hapana. Mara nyingi profaili yenyewe haifanani na mwenye kuiandika, na mtu wa kuajiri hugundua hiyo kitu haraka sana. Hapa kuna vile unaweza kujenga profaili ambayo mtu akiisoma, halafu akupate mtaani, ataona ni mtu mmoja.

LinkedIn ni ya nini haswa?

Mtandao huu ulifunguliwa kwa watu mwaka wa 2003 huko Marekani, na 2016 Microsoft ikaununua kwa dola bilioni 26.2. Si Facebook. Hapa watu wanakuja kutafuta wafanyakazi, kazi, na watu wa fani yao.

Tuseme ukweli: kama unauza mitumba Chwele ama una kinyozi pale Kitale, wateja wako wako Facebook, TikTok na status ya WhatsApp. LinkedIn itakusaidia ukitaka kuajiriwa na kampuni, shirika ama taasisi, ukitafuta nafasi ya mafunzo kazini, au ukiuza huduma kwa ofisi na si kwa mtu binafsi.

Na usidhani huku hakuna waajiri. Kenya Seed, kampuni ya mbegu iliyoanza 1956, makao yake makuu yako Kitale. One Acre Fund, shirika ambalo leo linafanya kazi na wakulima kwa nchi kadhaa za Afrika, lilianzia Bungoma mwaka wa 2006. Kwa hivyo kuandika "Bungoma, Kenya" kwa profaili si aibu. Kama kazi yako ni ya kilimo, hiyo location inakubeba kuliko Nairobi.

Kufeki ni kuchoma picha

Njia ya mwongo ni fupi, na mji mdogo unaifupisha zaidi. Ukiandika ulikuwa meneja mahali ulikuwa unasaidia stoo, simu moja tu kwa mtu wa pale na mambo imeisha. Meneja wa Webuye anaweza kuwa alisoma na lecturer wako.

Vyeti ndio vibaya zaidi. Ripoti ya Tume ya Utumishi wa Umma, PSC, ya 2024 ilionyesha zaidi ya watu 2,000 walipatikana na vyeti feki kwa taasisi za serikali. EACC nayo imekuwa ikipeleka watu wa aina hiyo kortini, na wengine wanadaiwa mshahara wote waliolipwa. Fikiria kurudisha pesa ushakula miaka saba. Kama uko na D plain, iache D plain. Kama kozi hujamaliza, andika mwaka ulioanza na useme bado unaendelea.

Ule mstari chini ya jina

Una nafasi ya herufi 220, na ndio kitu cha kwanza mtu anasoma. Usiupoteze na maneno kama "mwenye maono" ama "mpenda mafanikio." Kila mtu anapenda mafanikio. Andika vitu vitatu: unafanya nini, unafanyia wapi, unatafuta nini.

Mfano: "Fundi wa umeme, Grade II ya NITA. Nafanya waya za nyumba na sola, Kitale na Kiminini. Natafuta kazi ya kampuni ya sola."

Mwingine: "Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, sayansi ya kompyuta, Chuo Kikuu cha Kibabii. Natafuta nafasi ya mafunzo kazini kuanzia Mei."

Hapo mtu ashajua kama anakuhitaji.

Picha

Huhitaji studio wala suti ya kukopa. Simama karibu na dirisha asubuhi, ukuta safi nyuma yako, beshte akupige na simu. Uso uonekane, filta zitoke. Kama kazi yako ni ya overall, vaa overall. Fundi aliye na overall safi anaaminika kuliko fundi aliye na tai ya babake.

Kazi ulizofanya: hapa ndio nyama iko

Vijana wengi huacha hii sehemu tupu juu wanasema "sijawai fanya kazi." Hebu fikiria tena. Ulikuwa karani wa sensa 2019? Karani wa IEBC uchaguzi wa 2022? Umekuwa ukisimamia duka la mathe? Ulifanya mafunzo kazini ukiwa Kitale National Polytechnic ama Sang'alo? Hizo zote ni kazi. Ziandike.

Lakini andika na namba, si sifa. Linganisha hizi mbili:

"Nina ujuzi mkubwa wa kilimo na uongozi bora."

"Msimu mmoja nilisimamia ekari 3 za mahindi za familia huko Kiminini. Niliweka rekodi ya mbegu, mbolea na vibarua kwa daftari. Tulivuna magunia 60 ya kilo 90."

Ya kwanza mtu yeyote anaweza kuiandika. Ya pili ni yako, na mtu akikuuliza swali kwa interview, jibu uko nalo. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kujisifu na kujionyesha.

Tarehe pia ziwe za ukweli. Kama ulikaa miezi mitatu, andika mitatu. Kama ulitarmac mwaka mzima, usijaze hiyo gap na kampuni haiko. Andika kile ulifanya huo mwaka: vibarua, kozi fupi ya Ajira Digital, ama kusaidia kwa shamba.

Wewe ulijifunza kazi kwa jua kali bila darasa? NITA inafanya majaribio ya ufundi ya Grade III, II na I. Pitia hapo upate karatasi yako halali, halafu uiweke kwa profaili. Weka pia picha za kazi: geti ulilochomelea, waya ulizopanga. Omba tu ruhusa ya mwenye nyumba kwanza.

ChatGPT ikuandikie?

Inaweza kukunyooshea Kiingereza, hiyo ni sawa. Shida ni ukiiacha ikuandikie maisha. Jaribu hivi: soma ile sehemu ya kujieleza kwa sauti, mbele ya beshte anayekujua vizuri. Akicheka, futa. Usiache neno ambalo huwezi kulisema na kulieleza ukiwa mbele ya panel.

Watu kwanza, kazi baadaye

Usiombe urafiki kwa watu 500 usiowajua. Anza na wale wanakujua: walimu, wenye mlisoma nao, supervisor wako. Ukimfikia mtu mgeni, andika meseji fupi: wewe ni nani, umempata vipi, unataka kuuliza nini. Usianze na "nisaidie kazi." Uliza swali moja kuhusu kazi yake. Akijibu, sema asante hata kama hakuna dili.

Mwombe supervisor akuandikie maneno mawili matatu ya kukupendekeza, na umkumbushe kazi mliyofanya pamoja. Zile za kubadilishana na mabeshte, "niandikie nikuandikie," zinajulikana.

Shika rada na matapeli

Profaili nzuri huvuta pia wakora. Mtu akikupa kazi bila kukuhoji, akuhamishie WhatsApp haraka, halafu aitishe "pesa ya usajili" ama "ya medical," hiyo ni conmanship, toka. Kazi ya majuu? Angalia kama wakala yuko kwa orodha ya mawakala waliosajiliwa na National Employment Authority kabla utoe hata shilingi. Na usiweke namba ya kitambulisho, PIN ya KRA ama picha ya cheti chako wazi kwa mtandao.

Ya kufanya wiki hii

- Jumatatu: badilisha picha na ule mstari wa herufi 220.
- Jumatano: andika kazi mbili ulizofanya, kila moja na namba angalau moja.
- Ijumaa: tafuta waajiri watano wa Trans Nzoia na Bungoma, ufuate kurasa zao.
- Jumapili: pigia supervisor mmoja wa zamani simu. Msalimie kwanza, "mulembe," uulize habari za nyumbani, halafu umwombe akuandikie.

Kazi inaweza kuchukua muda kuja. Lakini siku ile simu italia, usijipate unajaribu kukumbuka ni uongo gani uliandika.