Zamu ni ya nani? Kutoka igisoro hadi gemu za simu



Katika kundi letu mabishano ya gemu hayaishi. Kuna wanaosema gemu za simu zinakula inite na akili. Kuna wanaojibu: mtu hana kazi, shule ilikatikia njiani, sasa afanye nini kuanzia saa nane mpaka jioni? Mimi nataka tupite kwanza kwenye historia, halafu nitatoa maoni yangu. Nitaongelea aina moja tu, gemu za zamu. Ninafanya, nasimama. Wewe unafanya, unasimama. Hakuna kukimbizana.

Wengi wetu tunafikiri aina hiyo ilizaliwa Japani. Hapana. Hapa Burundi na jirani Rwanda wazee wanacheza igisoro. Uganda wanaita omweso. Zanzibar na pwani yote wana bao. Sheria zinatofautiana lakini ubao ni ndugu: mistari minne, kila mstari mashimo manane, kete 64. Hakuna dadu, hakuna karata iliyofichwa. Kila kitu kiko mbele ya macho ya wote wawili. Ukishindwa, umeshindwa kwa hesabu, na hata kama aliyekaa mbele yako ni tajiri hawezi kukuruka zamu.

Kuna jambo lingine ambalo watu hawaliangalii sana. Kwenye dama au chesi, kete ikiliwa inatolewa nje, kazi yake imeisha. Kwenye igisoro na bao haitoki. Inachukuliwa, inapandwa upande wa pili, na inaanza kufanya kazi huko. Mpaka mwisho wa mchezo kete zote ziko ubaoni. Sisi tuliovuka Rusizi tunaielewa sheria hiyo bila mwalimu.

Sasa twende mbali kidogo. Mwaka 1974 huko Marekani ulitoka mchezo wa mezani unaoitwa Dungeons & Dragons. Watu wanakaa pamoja, kila mmoja anakuwa mtu fulani wa hadithi, askari au mchawi, na kila mmoja anangoja zamu yake aseme anafanya nini. Wajapani walichukua wazo hilo wakaliingiza kwenye mashine za nyumbani. Dragon Quest ilitoka 1986, Final Fantasy ikafuata 1987. Mashine yenyewe ilikuwa na vitufe vichache tu. Lakini gemu hizo hazikudai vidole vya haraka. Ulichagua: piga, jikinge, ponya mwenzako, kimbia. Kama adui amekushinda leo, unajiongezea nguvu kidogo kidogo, unarudi kesho. Mtoto mwenye mikono mizito aliweza kumaliza kama mwenye mikono myepesi.

Simu zilipoingia, gemu za zamu zilipata nyumba nzuri. Kidole kimoja kinatosha. Umeme ukikatika, au mama akikuita, unaiacha palepale na unaikuta palepale. Hata Afrika Mashariki tuliingia humo: Uganda, kampuni ya Kola Studios iliweka kwenye simu ule mchezo wa karata wa Matatu ambao watu walikuwa wanacheza chini ya miti. Hiyo nayo ni zamu kwa zamu.

Lakini na wafanyabiashara walikuja. Gemu nyingi za simu zinapakuliwa bure, kisha ndani yake wanakuuzia muda. Shujaa wako "amechoka", ngoja masaa kadhaa, au lipa sasa hivi aamke. Unataka shujaa mwenye nguvu? Lipa uvute bahati nasibu, labda utampata, labda hapana. Wajapani wenyewe waliona hatari. Mwaka 2012 serikali yao ilitangaza kwamba aina moja ya bahati nasibu hizo ndani ya gemu inavunja sheria. Hapo ndipo mchezo uliacha ile heshima ya igisoro. Zamu ikawa bidhaa. Mwenye pesa anacheza mara kumi, asiye na pesa anaangalia saa.

Ndiyo maana nilifuatilia gemu moja inaitwa Fantasian. Aliyeitengeneza ni Hironobu Sakaguchi, yule yule aliyeanzisha Final Fantasy. Ilitoka 2021 kwa simu na vifaa vya Apple, kwa watu wanaolipa kila mwezi, bila bahati nasibu ndani. Mandhari zake ni maumbo madogo yaliyotengenezwa kwa mikono, zaidi ya 150, kisha yakapigwa picha na kuingizwa kwenye gemu. Desemba 2024 ilihamishiwa kwenye konsoli na kompyuta kwa jina Fantasian Neo Dimension. Wakaongeza sauti za waigizaji, na wakaweka kiwango rahisi zaidi, kwa sababu mapambano ya zamani yalikuwa yanawatesa watu.

Mimi nimeiona kwa video tu, bei yake siiwezi. Hata hivyo nina maoni. Ndani yake kuna kifaa kinachokuruhusu kuahirisha mapambano. Unakutana na adui njiani, humpigi, unamhifadhi. Unaendelea na safari, unahifadhi mwingine, na mwingine, mwanzoni mpaka 30. Siku ukiamua, au nafasi ikijaa, unapambana nao wote kwa mara moja. Nilipoona hivyo niliwaza watu wengi ninaowahudumia kambini. Njiani hakuna nafasi ya kulia. Mtu anahifadhi. Anafika, anapewa hema, anapewa sabuni, miezi inapita, halafu siku moja kila alichohifadhi kinamwangukia pamoja. Tofauti ni kwamba kwenye gemu wewe ndiye unachagua siku, na unaenda na wenzako. Ndugu wa mashirika, mkiuliza kwa nini mama fulani alikuwa sawa mwaka mzima na leo haamki, jibu linaweza kuwa hapo.

Zipo pia gemu zinazotuhusu moja kwa moja. Mwaka 2017 Wafaransa walitoa gemu ya simu iitwayo Bury Me, My Love. Nour anatoka Syria kuelekea Ulaya, wewe ni mume wake Majd uliyebaki nyuma. Mnaandikiana meseji tu. Unamshauri, lakini anaweza kukataa ushauri wako. Hadithi ina miisho 19. Mwaka 2019 ilihamishwa kwenye Nintendo Switch na kompyuta. Kwa maoni yangu ile ya simu ndiyo yenyewe. Nour akienda pasipo mtandao, unakaa na simu mkononi hujui kama yuko hai. Kila mmoja wetu mwenye ndugu Uvira au Minembwe anajua kungoja huko. Ukiihamishia kwenye skrini kubwa, simu inabaki picha tu.

Ila gemu hiyo ilitengenezwa na watu wema waliotusikiliza. Lual Mayen ni habari nyingine. Wazazi wake walikimbia vita vya Sudan, yeye alizaliwa njiani, akakulia kambini kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba miaka mitatu mpaka akapata dola 300 za kumnunulia kompyuta. Kuichaji tu ilikuwa kutembea masaa matatu. Alijifundisha mwenyewe, akatengeneza gemu inaitwa Salaam, yaani amani, na kwanza aliwagawia wenzake hapo hapo kambini. Ndani yake wewe ni mkimbizi unayekimbia mabomu ukitafuta maji na chakula. Baadaye alifika Marekani, akaanzisha kampuni ya Junub Games, na 2018 alipewa tuzo kwenye The Game Awards mbele ya dunia nzima. Salaam si gemu ya zamu, ni ya kukimbia. Naiweka hapa kwa sababu mara hii zamu ya kusimulia ilikuwa ya mkimbizi mwenyewe.

Maoni yangu sasa. Gemu ya zamu ni ahadi: ngoja, zamu yako itafika, na ikifika wewe ndiye utaamua. Maisha ya mkimbizi yana kungoja kwingi, lakini ahadi hiyo hayana. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Familia zilizokuwa zimeshapita mahojiano na vipimo zikarudi kufungua mizigo. Hawakukosea hatua yoyote. Ubao uliondolewa tu. Mwezi uliofuata makumi ya maelfu ya ndugu zetu wakavuka kutoka Kivu Kusini, wengine wakalala kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo, nao wakaanza kungoja.

Kwa hiyo kijana akikaa kwenye kona na gemu yake ya zamu, msiharakishe kumwita mvivu. Pale ni mahali ambapo akifikiri vizuri, kitu kinabadilika. Uulizeni mchezo, siyo kijana: je, unamwachia aamue, au unamuuzia zamu yake mwenyewe? Huo wa pili tuufute kwenye simu, na wadogo zetu tuwaeleze kwa nini.

Na kwa wenzetu wa mashirika nina ombi. Mnapotuletea shughuli za vijana, mara nyingi mada imeshachaguliwa, tunapewa tishati na zamu ya kupiga makofi. Tupeni mara moja zamu ya kuamua. Hapa Gihosha wako vijana wanaojua kuchora, wako wanaojua kuhesabu, wako wenye hadithi. Gemu haianzi na kompyuta. Inaanza na karatasi, sheria tano na kete za mawe. Ikicheza vizuri kwenye karatasi, ndipo tutafute kompyuta na mtu wa kutufundisha.

Mimi nimeanza kuandika sheria za wa kwetu. Mchezaji mmoja ni familia iliyofika leo, mwingine ni familia iliyo hapa tangu zamani, na wanashinda pamoja au wanashindwa pamoja. Sheria ya tatu bado inanisumbua: familia ikipoteza kila kitu, inatoka ubaoni au inahamia upande wa pili kama kete ya igisoro? Andikeni maoni yenu hapo chini. Wazee pia, msikae kimya, nyie ndio mnaojua ubao.