Sahihi ya Udongo

Mwulize mtu wa Vwawa kitu cha kale tulichonacho, atakuelekeza kwenye kimondo cha Mbozi. Nami nilikua nikijua hivyo: tani zipatazo 16 za chuma na nikeli, zilizoanguka kutoka angani. Nilikuwa mtu mzima niliposoma kwamba mkoa wetu una cha kale kingine, chenye jina la Kiswahili: Shingopana songwensis.

Ni dinosau mla majani aliyeishi kati ya miaka milioni 100 na 70 iliyopita. Kazi ya kumtoa ardhini ilianza mwaka 2002; wanasayansi walimtangaza mwaka 2017. Vilivyosalia ni pingili za shingo, mbavu na mifupa michache, mingine ikiwa na matundu ya wadudu walioitoboa kabla haijafukiwa.

Swali lililonikaa kichwani ni hili: mfupa uliozoea kuoza unabakije miaka yote hiyo?

Mfupa hai ni nyuzi za protini zilizojaa fuwele ndogo mno za apatiti, yaani kalsiamu na fosfati. Fuwele hizo hupokea wageni. Nafasi ya kalsiamu inaweza kukaliwa na metali nyingine, na kila mgeni huacha alama katika nyumba. Strontiamu, iliyo kubwa kuliko kalsiamu, huupanua mpangilio wa atomi. Magnesiamu, iliyo ndogo, huubana na kuzuia fuwele kukua. Watengenezaji wa vipandikizi vya mifupa leo hutumia tabia hiyohiyo.

Mfupa ukifukiwa, protini huoza, na maji ya ardhini huleta uraniamu na madini adimu. Huleta pia floridi, ambayo haigusi nafasi ya kalsiamu; huchukua ile ya haidroksili, na apatiti inakuwa ngumu zaidi kuyeyuka. Mfupa unadumu kwa kuupokea udongo.

Hapo huikumbuka Tendaguru, kule Lindi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba huko kwa mikono ya mamia ya vibarua wa Kiafrika, na mifupa ikabebwa na wapagazi hadi bandarini. Jitu mojawapo lilisimamishwa Berlin mwaka 1937. Kibao cha maelezo huandikwa na mwenye makumbusho, na kibao hupotea. Lakini uwiano wa madini adimu ndani ya mfupa hutokana na maji yaliyopita pale ulipolala, na wanasayansi huutumia kutambua tabaka ulikotoka mfupa uliopoteza anwani yake.

Kwa hiyo popote Shingopana atakapowekwa, Songwe imo ndani yake, pale palipokuwa na kalsiamu. Ningependa mtoto wa Vwawa aambiwe hivyo siku anapopelekwa kuona kimondo. Kile kilitujia kutoka angani. Huyu alilala kwetu mpaka akawa udongo wetu.